Simbilisi Si Sungura

Bwenini, 9 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima. Tumefungua shule salama, bweni ni lile lile na kitanda ni kile kile cha juu. Simu haturuhusiwi hata kuishika, kwa hiyo nitakuandikia. Kaka Frank akipita na lori la karanga anaweza kuacha barua zako kwa mlinzi. Mwambie asipige honi getini, muhula uliopita mlezi alikasirika.

Mama, simbilisi wangu Karanga na Ufuta wanaendeleaje? Najua hujawapenda tangu Babu Andrea aliponipa. Mbele ya wageni wa kipaimara uliwaita panya waliokatwa mkia, na watu wakacheka. Lakini zawadi nyingine zote nilizopewa siku ile zilikuwa kanga na madaftari. Hawa wanapumua.

Karanga, yule wa kahawia, ukimbeba mshike na miguu ya nyuma, usimning'inize. Ufuta mweupe ni mwoga, usimshtue kwa mlango. Jioni nilikuwa nawatoa uani wazungukezunguke mpaka giza liingie, halafu nawarudisha kwenye boksi lao.

Naomba kila barua uniandikie uzito wao. Siku ninaondoka Karanga alikuwa gramu 840, Ufuta 760. Tumia ile mizani ya dukani. Ukiwaweka kwenye bakuli la plastiki wanatulia wenyewe.

Mwanao,
Janeth


Bigwa, 16 Julai 2024

Mwanangu Janeth,

Marahaba. Barua imefika. Umeandika mistari minne kuhusu wewe na ukurasa mzima kuhusu panya. Haya, nakujibu kwa mpangilio wako.

Boksi nimelitupa, lilikuwa limeloa na linanuka. Wamehamia kizimba cha mwisho kwenye banda la sungura, wako peke yao, na juu ya wavu nimewatandikia nyasi kavu kwa sababu miguu yao ni laini. Uani hawatoki tena. Mwewe wa hapa unamjua, juzi kabeba kifaranga cha jirani Mosi mchana kweupe, mwenye kifaranga amesimama pale pale na ufagio mkononi. Mimi nina duka na banda, siwezi kuwa mlinzi wa panya.

Chakula wanakula wanachokula sungura: pumba, mashudu kidogo, na majani ninayoyaanika juu ya bati asubuhi mpaka jioni yakanyauka sawasawa. Tangu nijue kunyausha majani hakuna mnyama wa banda langu aliyekufa kwa tumbo kuvimba. Hiyo nyumba unayokuja kulala likizo, kuanzia msingi mpaka paa, imejengwa na sungura waliokula majani hayo. Kwa hiyo lala usingizi.

Uzito: Karanga 840. Ufuta 755. Hawajambo.

Soma.

Mama yako,
Eufrazia


Bigwa, 30 Julai 2024

Mjomba Andrea,

Shikamoo.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu ukipigiwa simu husikii, unasema "eeh, eeh", unakata, halafu unawaambia watu Eufrazia kanisalimia. Barua hii anapanda nayo mlimani Hosiana muuza ndizi, kwenye tenga lake. Umpe jibu akishuka siku ya soko.

Mjomba, wale simbilisi uliompa Janeth ni wagonjwa. Yule mweupe, Ufuta, alianza kwa kuchechemea. Sasa hasimami, anajikunja kona moja kutwa nzima, manyoya yamemsimama. Ukimgusa magoti analia kama mtoto aliyechomwa sindano. Jana nimemfungua mdomo nikaona damu kwenye fizi. Nimemwita bwana mifugo. Akamgeuza huku, akamgeuza huku, akasema yeye ni mtu wa ng'ombe na kuku, lakini huyu labda ana viroboto. Akampaka unga wa dawa akaondoka. Viroboto hawakuwepo, na sasa pamoja na ugonjwa ana unga.

Nakuuliza bila kuzunguka: ulimpa mtoto wangu wanyama wagonjwa ukijua? Maana katika ukoo huu mimi nimeshazoea. Shamba la lukolo, la ukoo wetu, lilipogawanywa, Bernadeta alipata migomba ya mtoni, Bonifasi akapata iliki, mimi nikaambiwa nimeolewa mjini. Mume alipoondoka nikapanda huko nikiwa na Janeth mgongoni, nikaambiwa shamba limeisha. Sawa, nikashuka. Watoto wa Bernadeta wakipata kipaimara wanapewa mbuzi. Wangu kapewa panya wawili, na hao wawili wabovu.

Kama kuna ugonjwa wa kwenu huko na dawa yake mnaijua, niandikie. Janeth hajui, na sitaki ajue. Ana mitihani.

Mpwa wako,
Eufrazia


Bigwa, 1 Agosti 2024

Mwanangu Janeth,

Sabuni na dawa ya meno anazo Frank, zidai. Sweta nimekuwekea la bluu, lile jingine limeliwa na panya. Panya wa kweli, si wako.

Wako hawajambo kabisa, wanakula vizuri. Karanga 810. Ufuta 690.

Mwalimu wa hesabu amesemaje?

Mama yako,
Eufrazia


Tegetero, 6 Agosti 2024

Mpwa wangu Eufrazia,

Marahaba. Hosiana amenisomea mara mbili, mara ya kwanza kwa sauti ya kawaida na mara ya pili kwa sauti yako.

Sikumpa mjukuu wangu wanyama wagonjwa. Wale nimewatoa jikoni kwangu, pembeni ya mafiga, na ndugu zao wako hapa hapa, ninapoandika wananipita miguuni, wanene kama viazi. Toka masista wa misheni walipotuletea mbegu yao nimefuga simbilisi miaka mingi, sijamwita daktari hata siku moja. Ukiniuliza nawalisha nini sijui nikujibu nini. Siwalishi. Wanajiokotea. Mama akichambua mboga wako chini yake, mtoto akila chungwa wako nyuma yake.

Mimi naona umewabana. Simbilisi ni mnyama wa jikoni, anataka moshi, joto na watu wa kupiga kelele. Wewe umemfunga kwenye wavu kama mahabusu, anaumwa upweke.

Hilo la shamba sitalijibu kwenye barua ya panya. Unamtuma Hosiana kwangu na tenga tupu, na ndani yake kuna mzigo wa miaka yote hiyo. Mama wa watu kachoka kupanda mlima.

Mjomba wako,
Andrea


Bwenini, 9 Agosti 2024

Babu,

Shikamoo Babu. Mimi ni Janeth. Barua hii nimempa Kaka Frank aipeleke kwa Mama Hosiana sokoni moja kwa moja, isipite nyumbani.

Babu, Ufuta anaumwa. Mama hajaniambia. Mama anasema hawajambo kabisa. Lakini ameniandikia gramu 690, na barua ya kabla yake ilikuwa 755. Mama anaweza kusema hawajambo hata moto ukiwa umeshika paa. Kwa namba hawezi kudanganya. Mkono wake unakataa. Hata zamani akiniambia "tumeshakula" nilikuwa naangalia sufuria, siangalii mdomo wake.

Nilimuuliza Madamu Judith wa Biolojia, simbilisi anapungua hivyo kwa nini. Akaniuliza anakula nini, nikamwambia pumba na majani yaliyoanikwa juani. Akasema hebu fungua daftari, soma tulichosoma juzi. Tulikuwa tumesoma kiseyeye, ule ugonjwa wa mabaharia waliokaa baharini bila matunda wala mboga mbichi, fizi zikatoka damu na viungo vikauma. Madamu akasema sungura anajitengenezea vitamini C mwilini mwake, kwa hiyo ukimpa majani makavu hapati shida. Simbilisi hawezi kujitengenezea. Ni kama sisi binadamu. Asipokula kibichi anapata kiseyeye.

Nikiwa nyumbani walikuwa wanatafuna ukoka uani kila jioni. Mimi nilidhani wanacheza tu.

Babu, naomba ushuke ukaone. Mama ukimwambia mimi nimesema hatasikia. Atasema sungura wamenisomesha halafu nimekwenda shule kujifunza kuwasema vibaya. Mwambie wewe, iwe kama imetoka kwako. Wewe ni mjomba wake.

Mjukuu wako,
Janeth


Bigwa, 15 Agosti 2024

Mjomba Andrea,

Nimerudi kutoka Gairo kununua karanga, nimekuta kizimba kiko wazi na Ufuta hayupo. Nikadhani paka. Jirani Mosi akaniambia hapana, alikuja mzee mwenye koti jeusi na kikapu, akasema mimi ni mjomba wa mwenye nyumba, akaingia bandani, akatoka na panya mweupe kamfunika kitambaa cha altare.

Kwa hiyo ni kweli unajua njia ya Bigwa.

Nilipomwaga msingi wa nyumba hii nilikuletea habari, hukuja. Nilipolazwa hukuja. Ukasema miguu, ukasema mlima. Kumbe miguu ipo, ilikuwa inasubiri panya augue. Na ulipofika hukunisubiri hata nikutilie maji ya kunywa. Umeingia kwangu kama mgambo, umebeba kitu cha mtoto, umeondoka. Mosi anauliza, "Huyu ndiye yule mjomba unayemsema au ni mwingine?" 

Karanga ulimwacha. Naye ameanza. Leo ni gramu 735, pumba anaziangalia tu, hazigusi.

Nirudishie mnyama wa Janeth, au uniandikie sababu.

Eufrazia


Tegetero, 18 Agosti 2024

Mpwa wangu,

Barua yako haina shikamoo. Nimeitikia hivyo hivyo. Marahaba.

Kile kitambaa si cha altare, ni leso yangu ya siku ya Jumapili. Mwambie jirani yako avae miwani.

Nilikuja ili nione kwa macho yangu, kwa sababu kwa barua tulikuwa tunatukanana tu. Sikukukuta. Niliona banda lako. Ni safi kuliko nyumba za watu wengi ninaowajua, nakusifia. Halafu nikaona majani juu ya bati. Nikayashika, yakavunjika mkononi kama tumbaku. Nikamwangalia yule mweupe, fizi nyekundu, magoti yamevimba. Nikasema ala, huyu ana kiseyeye. Haumwi upweke, nilikosea. Anaumwa njaa ya kibichi.

Sikiliza, Eufrazia. Sungura mnyaushie. Simbilisi mpe mbichi. Huyu tumbo lake si la sungura, ni kama letu mimi na wewe, bila mboga mbichi na tunda anaoza angali hai. Mpe Karanga majani mabichi uliyoyakung'uta umande. Mpe pera, mpe kipande cha chungwa, mpe pilipili hoho. Kila siku, asikose.

Niliyemchukua amefika salama. Yuko pembeni ya mafiga, anakula. Usiwe na wasiwasi naye.

Mjomba wako,
Andrea


Bigwa, 20 Agosti 2024

Mjomba,

Shikamoo. Nimeiweka mwanzo kabisa usije ukaitafuta.

Majani mabichi siwezi. Niache nikueleze kwa nini, halafu useme mimi ni mkaidi.

Nilipoanza sungura nilikuwa nawakatia majani alfajiri yakiwa na umande, nawapa hapo hapo kwa sababu walikuwa wananililia njaa na mimi nina moyo. Walivimba matumbo. Nilizika kumi na mmoja. Nilikuwa na kumi na watatu. Niliobaki nao ni wawili, nikapanda kwako kuomba shamba kwa sababu nilikuwa nimeshindwa. Ukaniambia shamba limeisha. Nikawa nimeshageuka, nimeshika njia, ukanifuata mpaka kwenye daraja la miti ukaniambia, "Eufrazia, hao sungura majani yao yanyaushe kwanza." Basi.

Hicho ndicho nilichopewa na ukoo wetu. Bernadeta alipata migomba, mimi nilipata neno moja darajani. Nimelishika. Kila asubuhi ya maisha yangu nimeanika majani juu ya bati, mvua ikinyesha nayaingiza, jua likitoka nayatoa. Wale wawili wakawa arobaini. Sasa unashuka mlimani kuniambia neno hilo ndilo linaloua. Ungechukua panya ukaniachia neno langu.

Karanga ni 690.

Ufuta ana gramu ngapi? Kama anakula kama unavyosema, ameongezeka. Hosiana anakuja na mizani yangu ndogo, ya kupimia iliki. Mpime, uniandikie. Nikiona namba imepanda, nitampa Karanga majani mabichi. Bila namba siwezi kumtia sumu mnyama wa mtoto.

Mpwa wako,
Eufrazia


Tegetero, 22 Agosti 2024

Mpwa wangu Eufrazia,

Marahaba.

Mizani imefika. Ni nzuri. Nimeiweka juu ya kabati, wajukuu wasiichezee.

Nilisahau kabisa habari ya daraja. Sikujua kama umetembea na neno hilo muda wote huu. Nilikukimbilia kwa sababu niliona aibu, nikatafuta cha kukupa, nikawa sina, nikasema kilichokuja mdomoni. Kilikuwa kweli na mpaka leo ni kweli. Lakini nilisema sungura. Sikusema kila kinachokula majani.

Yule mweupe anatembea. Jana karuka kizingiti. Anakula matembele mpaka namnyang'anya.

Nakuomba kama mjomba wako, na sijakuomba kitu tangu uzaliwe. Mpe Karanga kibichi leo, usisubiri namba. Huyo akifika pale alipofika mwenzake harudi.

Andrea


Bigwa, 23 Agosti 2024

Mjomba,

Shikamoo. Hosiana anaondoka sasa hivi, naandika nimesimama.

Karanga 655. Ameanza kulia nikimgusa magoti.

Nimempa pera. Amelilamba tu. Nikalisaga, nikamtilia kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni ya mdomo, akameza. Jirani Mosi kanishikia. Anasema hajawahi kuona mtu akimnywesha panya juisi na kumsemesha, "meza baba, meza." Nimemwambia ashike vizuri aache maneno.

Majani mabichi nimempa. Akivimba ni wewe.

E.


Bigwa, 31 Agosti 2024

Mjomba Andrea,

Shikamoo.

Hakuvimba.

Siku za kwanza ilikuwa bomba tu, chungwa asubuhi, pera jioni. Kisha akashika jani mwenyewe, taratibu, upande mmoja wa mdomo. 655, 650, 662, 680, jana 705. Nimempima saa ile ile kila siku kabla hajala, ili isiwe uzito wa tumbo. Fizi zimeacha damu. Miguu ya nyuma bado mizito lakini anaikanyagia. Nimemtoa bandani, yuko chini ya meza ya jikoni, maana kule sungura wakiona majani mabichi wanagonga wavu usiku kucha, na wao siwapi.

Ulikuwa sahihi, nami nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, ukitaka kaisomeshe kanisani.

Sasa la pili. Una barua zangu mbili zinazouliza habari za Ufuta. Umenijibu kwamba anakula, anatembea, anaruka kizingiti. Mizani unayo. Namba huna hata moja. Nimemuuliza Hosiana kama jikoni kwako amemwona simbilisi mweupe anayechechemea. Akasema weupe wapo, wanaochechemea hajaona. Nikamwambia basi amepona. Akaanza kupanga ndizi zilizokwisha pangwa.

Janeth anafika Ijumaa tarehe sita. Niambie.

Mpwa wako,
Eufrazia


Tegetero, 2 Septemba 2024

Mpwa wangu Eufrazia,

Marahaba.

Ufuta alikufa. Hakumaliza siku mbili kwangu. Nilimpa kila kitu, nilimtafunia majani mwenyewe nikamwekea mdomoni, lakini alikuwa ameshakwenda mbali, na nadhani safari ya kikapu mlimani nayo ilimchosha. Nimemzika nyuma ya jiko.

Wakati nakuandikia kwamba anakula, alikuwa tayari ardhini. Nilikaa na karatasi mbele yangu nikafikiri. Nikisema amekufa, Eufrazia atasema nini? Atasema, mjomba kampa majani mabichi, mnyama kavimba, kafa. Kumi na mmoja wengine. Basi Karanga angekula majani makavu mpaka mwisho. Kwa hiyo nikamfanya aruke kizingiti. Nilitubu kwa padri, kacheka, halafu kanipa malipizi makubwa kuliko nilivyotegemea.

La kiseyeye si langu. Sina elimu hiyo. Mtoto ndiye aliyeniandikia nishuke, akaniomba nisikwambie. Anasema wewe unasema hawajambo lakini gramu zako zinasema kweli.

Sasa nisikilize. Hapa kwangu nina jike jeupe, umri ule ule, ukubwa ule ule, hata doa la sikio la kushoto analo kama Ufuta. Nimempa Hosiana, yumo kwenye kikapu kinachokuja na barua hii. Mweke na Karanga. Mtoto atamkuta Ufuta wake, atafurahi, likizo itakwisha, hakuna aliyelia. Tumeshadanganyana vya kutosha sisi watu wazima, hili moja la mwisho litakuwa la huruma.

Mjomba wako,
Andrea


Bigwa, 3 Septemba 2024

Mjomba,

Shikamoo.

Jike nimelipokea, ni zuri, limeshakula mchicha wangu wa jioni. Gramu 780. Hilo peke yake linatosha kumwambia Janeth. Mnyama aliyetoka 690 akiwa hawezi kusimama harudi na 780 na magoti mazima. Mtoto huyu alisoma ugonjwa kwenye namba akiwa bwenini, wewe unataka kumficha kifo kwa doa la sikio?

Na hata kama asingejua, ningejua mimi. Kila jioni angekuwa amempakata, anamwita Ufuta, na mimi niko pale nachambua mboga.

Nitamwambia mwenyewe. Jike linabaki.

Kwa uongo wako wa kizingiti sijui nikushukuru au nikugombeze. Nimeanza kuandika yote mawili, nikayafuta yote mawili. Karanga yu hai kwa sababu ulinidanganya. Ungeniambia kweli ningemuua kwa uangalifu wote niliojaliwa.

Mpwa wako,
Eufrazia


Bigwa, 4 Septemba 2024

Mwanangu Janeth,

Ufuta amekufa. Nimeanza na hilo usije ukalitafuta katikati ya maneno mengine.

Amekufia kwa Babu, katikati ya mwezi wa nane. Babu hakumuua. Alimchukua hapa akiwa hasimami, na alikuwa hasimami kwa sababu ya chakula nilichompa mimi. Nilimlisha kama sungura kwa sababu sungura ndio ninaowajua, na niliwajua kwa shida, kwa hiyo sikutaka kusikia kwamba kuna mnyama mwingine anayekula majani kwa namna nyingine. Sikukusudia. Nilikuwa nikimpima na kumtandikia na kumwonea uchungu, na asubuhi yake naanika majani yale yale.

Nilikuandikia hawajambo mara mbili. Mara ya pili nilijua si kweli. Niliogopa utashindwa mitihani, na niliogopa pia utasema mama hakuwapenda tangu mwanzo.

Babu ameniambia kwamba ulimwandikia. Nilikasirika, sitaki kukuficha. Mtu mzima kuzungukwa na mtoto wake si jambo jepesi. Lakini ungeniandikia mimi nisingekusikia, ulipima vizuri. Mwambie Madamu Judith asante yake ipo, ni sungura wawili, sitaki abishe.

Karanga yupo, anatembea. Miguu ya nyuma itachukua muda. Yuko jikoni chini ya meza, na nikishika kisu cha mchicha anapiga mluzi mpaka jirani Mosi anasikia kwake. Ameletewa mwenzake mweupe kutoka kwa Babu. Si Ufuta na hatajifanya Ufuta. Hana jina, sisi tunamwita "wewe". Jina utampa mwenyewe ukitaka, na usipotaka atasubiri.

Frank anaiacha barua hii kwa mlinzi leo akienda Gairo. Ijumaa akirudi ndiye atakayekuchukua. Nimeiwahisha makusudi, ulie huko huko bwenini na wenzako, na kama yatabaki uyamalizie njiani. Ukifika nyumbani unawe uso, tule.

Mama yako,
Eufrazia